Kleist Sykes: Askari aliyeigeuza taipureta kuwa mtaji

Kila mwaka vijana kutoka vijijini, wakiwamo wa Kilimarondo na maeneo mengine ya Nachingwea na Ruangwa, hurudi nyumbani baada ya kumaliza mkataba wa kujitolea katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) bila kupata ajira katika vyombo vya ulinzi. Pamoja nao wapo watu wazima waliostaafu Jeshi la Wananchi (JWTZ) baada ya utumishi wa miaka mingi. Ukiwauliza wanatafuta kazi gani, wengi hutaja ulinzi wa getini. Mwajiri naye akisikia neno jeshi, huona bunduki tu.

Lakini jeshini si kila mtu kazi yake ni bunduki. Yuko fundi wa redio, yuko mtunza stoo, yuko karani wa mishahara, yuko fundi magari, na siku hizi yuko anayefunga kompyuta na kutunza kumbukumbu za kikosi. Kazi hizi ndizo zinazokosa watu huku uraiani, hasa katika vyama vya msingi vya wakulima (AMCOS), maghala na maduka ya pembejeo. Ujuzi upo na mahitaji yapo. Kinachokosekana ni daraja la kumvusha mtu kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Suala hili si geni nchini. Zaidi ya miaka 100 iliyopita alikuwapo kijana mmoja, mtoto wa askari na yeye mwenyewe askari, ambaye alitoka katika jeshi lililoshindwa vita, akaingia katika ofisi za Shirika la Reli, kisha katika biashara, na mwisho akawa miongoni mwa Waafrika waliokuwa na uwezo na heshima kubwa Dar es Salaam. Jina lake ni Kleist Sykes. Wengi wanalifahamu jina hilo kwa sababu ya siasa, kwani wanawe walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU. Makala haya yanamtazama kwa upande mwingine, yaani upande wa kazi na fedha.

Mtoto wa kambini

Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, hakuwa mwenyeji wa nchi hii. Alitoka sehemu za Inhambane, Msumbiji, na alikuwa mmoja wa askari wa Kizulu na Kishangaan ambao Mjerumani Hermann von Wissmann aliwaandikisha mwaka 1889 ili kuja kuzima upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huohuo. Miaka mitano baadaye, katika mji huohuo, akazaliwa Kleist.

Msomaji wa kusini hana sababu ya kufurahia habari za askari wa Kijerumani. Vita ya Majimaji ilipoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi na kuenea Lindi, Liwale na Songea, askari wa aina hiyo ndio waliochoma vijiji na maghala ya chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Ukweli huu hauna budi kusemwa wazi. Mshahara wa jeshi hilo ndio uliolisha familia alimokulia Kleist, na mtoto hachagui kambi ya kuzaliwa.

Lakini mshahara wa askari ulikuwa na kasoro moja kubwa kiuchumi. Ulikwisha siku askari alipokufa. Sykes Mbuwane alizama katika mto Ruaha alipokuwa akirudi kutoka vita vya Wajerumani dhidi ya Mkwawa wa Uhehe. Mtoto wake alikuwa bado mdogo sana. Kazi ya bunduki ilikuwa imemwachia jina la baba tu.

Aliyemchukua na kumlea ni Effendi Plantan, mkuu wa askari wale wa Kizulu. Kleist alikulia Dar es Salaam katika nyumba hiyo pamoja na watoto wa Plantan. Mlezi huyu alikuwa mwanajeshi wa kweli, lakini alimpeleka mtoto shule. Uamuzi huo ndio ulioleta tofauti kati ya maisha ya baba na maisha ya mtoto.

Kujua kuandika kwa mashine

Serikali ya Wajerumani ilikuwa na shida ya watu wa kuandika. Nchi ilikuwa kubwa, Wazungu walikuwa wachache, na kodi, barua, mizigo na mishahara vilihitaji kuandikwa kila siku. Kwa sababu hiyo ilianzisha shule zake katika miji ya pwani, maarufu zaidi ikiwa ile ya Tanga, ili kupata makarani, walimu na maakida. Shule ya Tanga ilifikia hatua ya kuwa na mtambo wake wa kuchapa na kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi.

Kleist, kwa upande wake, alisoma Dar es Salaam. Alijifunza Kijerumani, kupiga taipureta na hati mkato, ule mwandiko wa alama unaomwezesha karani kunasa maneno kwa kasi ya anayeyasema. Leo mambo haya yanaonekana ya kizamani. Wakati ule yalikuwa ndiyo teknolojia ya habari ya juu kabisa aliyoweza kuipata kijana wa Kiafrika. Barua iliyopigwa kwa taipureta ilisomeka na kila ofisa, ilitoka na nakala, na nakala iliwekwa kwenye jalada. Anayejua kuitengeneza alikuwa anashika kumbukumbu za ofisi nzima.

Kisha Kleist, kama wengi wa watoto wa kambini, akaingia jeshini akiwa bado kijana mdogo. Tofauti yake na baba yake ni kwamba aliingia akiwa na kitu kingine mkononi zaidi ya nguvu za mwili. Kumbukumbu za ukoo wake zinamtaja kuwa msaidizi wa karibu wa kamanda mwenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Vita vilivyopita mashambani mwetu

Vita hivyo vilianza mwaka 1914 na kufika mikoa ya kusini. Oktoba 1917 majeshi yalipambana kwa siku nne huko Mahiwa, karibu na Nyangao, njia ya kutoka Lindi kwenda Masasi. Zaidi ya askari 2,000 wa upande wa Waingereza waliuawa au kujeruhiwa. Mwezi uliofuata Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, na hatimaye alisalimisha silaha Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Kwa mkulima, vita vile vilikuwa vya chakula na mabega. Pande zote mbili zililazimisha wanaume kubeba mizigo na kuchukua nafaka vijijini. Jeshi lililokuwa likirudi nyuma miezi na miezi bila msaada kutoka kwao liliishi kwa kuhesabu: mizigo mingapi, wapagazi wangapi, unga wa siku ngapi. Aliyekuwa na orodha sahihi ndiye aliyejua kama kikosi kingefika kesho. Hapo ndipo kazi ya karani inapoonekana thamani yake, kwa kuwa risasi bila unga haiendi mbali.

Kleist alitoka vitani akiwa upande ulioshindwa. Tujaribu kuitazama hali hiyo kwa macho ya kiuchumi. Mwajiri wake, yaani jeshi la Ujerumani, hakuwapo tena. Lugha ya kazi aliyojifunza kwa miaka ilikuwa imepoteza soko mara moja, maana wenye nchi wapya walikuwa Waingereza. Cheo chochote alichokuwa nacho kilikuwa hakina maana, na pengine kilikuwa hatari kukitaja. Kwa maneno ya kibiashara, alikuwa amefilisika.

Kilichobaki ni vidole vinavyojua taipureta, mkono unaojua kupanga tarakimu, na mazoea ya kufika kazini kwa wakati. Hivyo tu ndivyo alivyovuka navyo.

Kuvuka: reli

Waingereza nao walikuwa na shida ileile waliyokuwa nayo Wajerumani. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwezi Februari 1914, ilikuwa imeharibiwa vitani na ilibidi irudishwe kazini. Reli haiendeshwi na makaa na mvuke peke yake. Kila gunia la karanga na kila robota la katani linapimwa, linaandikiwa hati, linatozwa nauli na kukabidhiwa kituo cha mwisho. Kosa la tarakimu moja njiani ni hasara kwa mtu fulani. Shirika la Reli la Tanganyika lilihitaji watu waliozoea kazi ya namna hiyo, na wale waliokuwa tayari wameifanya hawakuwa wengi.

Kleist aliajiriwa huko na alitumikia reli kwa miaka mingi, akiwa upande wa kalamu na hesabu. Hapa pana jambo ambalo kijana anayetoka jeshini leo anapaswa kulitazama kwa makini. Kleist hakwenda kwa Waingereza kuomba atambuliwe kama askari. Alikwenda na kazi aliyoijua. Tena hakungoja lugha yake ya zamani irudi sokoni. Kijerumani alikiweka kando, akafanya kazi chini ya watu wa Kiingereza. Hesabu za kujumlisha na kutoa hazikubadilika kwa sababu ya bendera. Kilichobadilika ni maneno yaliyoandikwa juu ya safu za tarakimu, na hayo mtu mzima anaweza kujifunza.

Haikuwa kazi ya raha. Mishahara ya serikali ya kikoloni ilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama kazi zilifanana. Karani Mwafrika alijua hilo kila mwisho wa mwezi, kwa kuwa mara nyingine yeye ndiye aliyeiandika hiyo orodha ya mishahara. Hata hivyo mshahara wa reli ulikuwa na sifa mbili ambazo mkulima na mchuuzi wanazijua thamani yake. Ulikuwa unakuja kila mwezi, na ulikuwa wa fedha taslimu.

Mshahara unapogeuka mtaji

Kwa nini sifa hizo mbili zilikuwa muhimu? Sababu moja ni sheria. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji. Kwa sheria hiyo, mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika hakuweza kumdai mahakamani isipokuwa mkopo umeandikwa na kuidhinishwa na ofisa wa serikali. Watawala walidai wanamlinda Mwafrika asinyang'anywe mali. Matokeo yake ni kwamba mwenye duka la jumla alimpa mali kwa mkopo Mhindi mwenzake, lakini Mwafrika akaambiwa alipe hapohapo.

Mfanyabiashara mdogo anaelewa maana yake bila kuelezwa. Duka la rejareja huishi kwa mali ya mkopo: unachukua leo, unauza wiki nzima, unalipa Jumamosi. Anayelazimishwa kununua kila kitu kwa fedha mkononi hawezi kushindana na jirani anayekopeshwa. Kwa Mwafrika wa miaka ya 1920 na 1930, njia ya kupata mtaji mjini ilikuwa nyembamba sana. Mshahara uliowekwa akiba ulikuwa mmoja wa milango michache iliyokuwa wazi.

Kleist aliutumia mlango huo. Akiwa mtu wa ajira alijijengea makazi Gerezani, katika Mtaa wa Kipata, ambao baadaye ulipewa jina lake. Nyumba ya mjini ilikuwa ni mali inayoonekana na isiyoondoka na mwajiri. Kisha akaingia katika biashara, na kufikia miaka ya 1940 alihesabiwa miongoni mwa Waafrika wachache wa Dar es Salaam waliokuwa na uwezo.

Tuangalie mpangilio. Hakuacha ajira siku ya kwanza akakimbilia biashara. Ujuzi ulileta ajira, ajira ikaleta akiba, akiba ikaleta nyumba na biashara. Kila hatua ilisimama juu ya ile iliyotangulia. Wastaafu wengi hufanya kinyume. Wanapokea kiinua mgongo, wananunua basi dogo au kufungua duka katika fani wasiyoijua, na katika miaka miwili fedha imekwisha. Ujuzi walioutumia kazini kwa miaka 20 unabaki umelala kama jembe lililofungiwa stoo.

Kalamu kwa ajili ya wengine

Mwaka 1924 ilifika Tanganyika tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwapo Dk. James Aggrey, msomi Mwafrika kutoka Gold Coast, nchi inayoitwa sasa Ghana. Kleist alikutana naye, na Aggrey alimshauri kwamba Waafrika wa Tanganyika waunde chama chao. Wakati huo kilikuwapo chama cha wafanyakazi wa serikali kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba, lakini hicho kilikuwa cha makarani na walimu tu.

Wazo hilo lilichukua miaka mitano kuzaa matunda. Mwaka 1929 ilianzishwa African Association mjini Dar es Salaam. Rais wake alikuwa mwalimu Cecil Matola, Myao. Katibu alikuwa Kleist Sykes.

Si ajabu kwamba alipewa ukatibu. Chama kinaweza kuwa na wazungumzaji kumi, lakini bila mtu wa kuandika mihutasari, kutunza orodha ya wanachama, kupokea ada na kujibu barua, kitakufa ndani ya mwaka mmoja. Mazoea yaliyoanza katika jeshi na kukomaa katika reli sasa yalikuwa yanatumikia watu wake mwenyewe. Mwaka 1933 Kleist alikuwa tena miongoni mwa waanzilishi wa Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, jumuiya ya Waislamu iliyojishughulisha na kuwapatia watoto elimu. Yatima aliyepelekwa shule na mlezi alikuwa sasa anahangaikia shule za watoto wa wengine.

Upo ushahidi mwingine wa mazoea yake ya kuandika. Kleist aliandika habari za maisha yake kabla ya kufa. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia kuandaa simulizi ya maisha ya babu yake, iliyochapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Maelfu ya askari wenzake wamesahauliwa hata majina. Yeye tunamjua kwa sababu alijiwekea kumbukumbu.

Jeshi jingine lililokuja Nachingwea

Kleist alifariki dunia Mei 1949, akiwa na miaka 55 hivi. Katika miaka hiyohiyo, huku Nachingwea lilikuwa likifanyika jaribio jingine la kutoa watu na mitambo jeshini na kuiingiza katika kazi za kiraia. Wazee wanalijua kwa jina la mradi wa karanga. Inafaa kulilinganisha na maisha ya Kleist, kwa kuwa lilikwenda kinyume naye karibu kila hatua.

Baada ya Vita ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu watatu ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza karanga zilimwe katika zaidi ya ekari milioni tatu, kubwa zaidi zikiwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na huku kusini. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25. Matrekta na mabuldoza yalitafutwa katika mabaki ya vita, na vifaru vya aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Watu wengi waliokuja walikuwa wametoka jeshini, na baadaye usimamizi wa kazi ukawekwa chini ya Meja Jenerali Desmond Harrison, mhandisi wa kijeshi. Kwa ajili ya Nachingwea ilijengwa reli kutoka pwani, pamoja na bandari ya kina kirefu Mtwara.

Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa mafundi hodari. Lakini walihamia uraiani pamoja na amri za kijeshi. Shabaha ya ekari iliwekwa kabla ya udongo kupimwa. Mvua haikuchunguzwa vya kutosha, na udongo wa Kongwa ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Mitambo chakavu ilikosa vipuri. Mkulima wa eneo husika, anayejua mahali karanga zinapokubali na mahali zinapokataa, hakuulizwa. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mradi umeshindwa na kufuta zaidi ya pauni milioni 36. Reli ya Nachingwea nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo.

Hapa ndipo somo linapojitokeza. Kleist alitoka jeshini na ujuzi, akaacha amri huko. Wale wa mradi wa karanga walitoka na ujuzi pamoja na amri, na amri ikaumeza ujuzi. Jeshini mkubwa akisema ekari kadhaa, zinakuwa kadhaa. Shambani na sokoni hakuna wa kumpigia saluti. Udongo hautii amri, na mteja pia.

Wanawe nao walivuka

Watoto wa Kleist walirudia safari ya baba yao. Mwanawe mkubwa, Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, na mdogo wake Ally waliingia katika jeshi la Waingereza, King's African Rifles, wakati wa Vita ya Pili, na Abdulwahid alifika Burma. Vita ilipokwisha alirudi Dar es Salaam. Mwaka 1948 alikuwa katibu wa chama cha wafanyakazi wa bandarini, kisha akawa mkuu wa soko la Kariakoo, soko ambalo mazao ya wakulima wa nchi hii yamekuwa yakiuzwa tangu zamani. TANU ilipoundwa Julai 1954, wote wawili walikuwamo miongoni mwa waanzilishi.

Ukatibu wa chama na usimamizi wa soko ni kazi za orodha, ushuru, risiti na watu. Baba alikuwa ameshaonyesha njia ya kuzifanya.

Linatuhusu nini Kilimarondo?

Mkulima wa korosho, ufuta na mbaazi anaweza kuuliza habari za Kleist Sykes zinamsaidia nini. Jibu lipo ghalani. Tangu msimu wa 2007/08 ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani katika korosho, fedha ya mkulima imekuwa ikitegemea karatasi: uzito ulioandikwa, daraja lililoandikwa, jina na namba ya akaunti vilivyoandikwa. Siku hizi karatasi inahamia kwenye kompyuta. Mizani ya kidijitali imeanza kuingia katika vyama vya msingi, na tangu msimu wa 2024/25 minada ya korosho imeendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kimo katika mabadiliko hayo.

Ushahidi wa uzito wa jambo hili tuliuona Novemba 2018, Serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo na kulituma jeshi kuzisomba. Malori yalikuja na korosho zikabebwa. Lakini wakulima wengi walikaa muda mrefu wakisubiri malipo, wengine hadi mwaka uliofuata, kwa sababu ya uhakiki wa nani ana shamba, wapi na kilo ngapi. Nguvu ya kubeba ilikuwapo. Kilichochelewesha ni orodha.

Ina maana kwamba kijana aliyejifunza kutunza kumbukumbu, kutengeneza redio au kufunga kompyuta akiwa jeshini si wa kukaa getini. Anahitajika ndani. Ili avuke, maisha ya Kleist yanatoa mambo manne ya kufuata.

Kwanza, ajue kuitaja kazi yake kwa lugha ya uraiani. Kusema kwamba alikuwa kikosi fulani hakumwambii chochote katibu wa AMCOS. Kusema kwamba ametunza stoo ya vipuri kwa miaka miwili, au ameunganisha kompyuta kumi zikafanya kazi, kunaeleweka mara moja.

Pili, atafute cheti kinachotambulika. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi waliopata ujuzi nje ya darasa. Mtu hahitaji kuanza upya kitu anachokijua. Kama vile Kleist alivyoacha Kijerumani, huenda atalazimika kujifunza programu zinazotumika uraiani, lakini msingi anao.

Tatu, aanze na ajira au kibarua ndani ya fani yake kabla ya kuweka fedha katika biashara. Msimu mmoja wa kuandika mizani ghalani unamfundisha mtu soko la korosho kuliko semina nyingi. Akiba ya msimu huo ikifungua kibanda cha kutengeneza simu, kuchapa barua na kuwasaidia wakulima kuhakiki taarifa zao za malipo, itakuwa imewekwa mahali anapopajua.

Nne, aache amri jeshini. Mkulima anayeuliza kwa nini uzito wake umepungua hana utovu wa nidhamu. Ni mteja, na mwanachama ndiye mwenye chama.

Viongozi wa vyama vya msingi nao wana sehemu yao. Wanapotangaza nafasi ya mwandishi wa mizani au mtunza kumbukumbu, wawapime waombaji kwa kazi: wampe kijana kitabu cha mapokezi, kompyuta na magunia matano, waone anaandika nini. Huenda yule anayefikiriwa kuwa mlinzi ndiye atakayewaokolea kilo zinazopotea kila msimu. Msimu wa korosho hufunguliwa Oktoba, na vyama vingi huanza kutafuta watu wiki chache tu kabla. Ni vyema upimaji huo ukafanyika mapema, wakati ufuta ungali ghalani na mizani ipo ya kufanyia mazoezi.